Hiace ya Zamani Inavuja Oili: Anza Juu, Kisha Ushuke

Hiace nyingi za zamani zinazobeba watu na mizigo kati ya Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru zinavuja oili mahali fulani, na mwenye gari aliyezoea hashtuki. Kinachouma ni kulipia sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya kranki, ile shafti kuu ya injini, giaboksi iteremshwe, gari lilale gereji, halafu wiki inayofuata doa liwe palepale. Mara nyingi sili haikuwa na kosa lolote. Oili ilikuwa ikitoka kwenye gasketi ya tapeti kava, kifuniko kilicho juu kabisa ya injini, ikiteremka kwenye mgongo wa injini hadi mahali injini inapoungana na giaboksi, ndipo ikadondoka. Fundi alilala chini ya gari, akaona pamelowa, akahukumu.

Oili hushuka. Gari likitembea, upepo huirusha nyuma pia. Kwa hiyo mahali inapodondokea huwa chini na nyuma ya mahali inapotokea, wakati mwingine kwa urefu wa injini nzima. Mambo yote yaliyo hapa chini yanategemea hilo.

Ninazozungumzia hasa ni zile Hiace za diseli zenye injini za 2L, 3L na 5L, ambazo bado ziko nyingi vijijini na kwenye steji ndogo. Mwenye Nissan Caravan ya injini ya TD27 atafaidika na karibu yote, isipokuwa habari ya taimingi belti, mkanda wa raba unaounganisha kranki na kamshafti inayofungua valvu, kwa sababu TD27 hutumia gia badala ya mkanda huo. Wenye KDH, zile Hiace za diseli za kizazi kipya zaidi, wana mambo yao mawili matatu ambayo nitayagusa.

Hakikisha kwanza ni oili ya injini

Chovya kidole. Oili ya injini ya diseli huwa nyeusi tii hata wiki moja baada ya kubadilishwa, na humpaka mtu masizi. Oili ya giaboksi na ya difu ni nzito zaidi, ina harufu kali ya kiberiti, na ukiipaka kwenye karatasi nyeupe haiachi ule weusi wa masizi. Ile ya stelingi mara nyingi ni nyekundu. Diseli ni nyepesi na pua itakuambia kabla ya kidole. Inaonekana ni jambo dogo, lakini pale kwenye mdomo wa giaboksi, oili ya injini na oili ya giaboksi hutokea tundu moja, na sili zake ni tofauti kabisa. Ukinusa kiberiti, sili mbovu iko upande wa giaboksi, kwenye shafti inayoingia klachi.

Osha, kisha paka poda

Injini iliyovaa miaka kumi ya oili na vumbi haiwezi kusomeka. Barabara za miwa za Muhoroni na Mumias huipaka udongo mwekundu, Nakuru huipaka vumbi laini la kijivu, na vyote viwili hushika oili hadi inakuwa ngozi. Ikwangue kwa kijiti, uisugue kwa brashi na sabuni ya unga iliyokorogwa kwenye maji ya moto, halafu suuza kwa maji ya taratibu. Altaneta na mdomo wa kuingizia hewa vifunike kwa mfuko wa plastiki. Wengi huoshea mafuta ya taa. Yanafanya kazi, ila injini iwe baridi kabisa, waya wa betri utolewe, na yakauke kabla ya kuwasha. Kuna magari yameungua kwa haraka hiyo.

Maji machafu ya kazi hii usiyaachie mtaro. Mitaro ya Kisumu inaelekea ziwani. Na oili chakavu utakayomwaga ukibadilisha ina mwenyewe: mtu mwenye nguzo za ua na shida ya mchwa ataipokea kwa mikono miwili.

Injini ikishakauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye sehemu unazozishuku: ukingo wa tapeti kava, kuzunguka filta, swichi ya presha, mbele chini ya puli, na mgongo wa silinda hedi. Washa, iache ipate moto, zunguka kilomita chache, kisha inua viti vya mbele na utazame kwa tochi. Poda iliyolowa huwa mstari mweusi, na mstari huo una kichwa. Fuata kichwa. Ukishaona sehemu ya juu kabisa iliyolowa, hiyo ndiyo ya kutengeneza kwanza, hata kama chini yake kuna sehemu nyingine tatu zinazokutia hofu. Zile tatu mara nyingi zimelowa tu kwa kumwagiwa.

Usiku tandika katoni chini ya injini na uweke alama ya gurudumu la mbele, ili asubuhi ujue doa liko chini ya kitu gani. Katoni inasaidia kujua ukubwa wa tatizo, haimtaji mkosaji.

Mgongo wa injini umelowa, na kuna harufu ya kuungua ndani ya gari

Dereva wa Hiace amekalia injini, kwa hiyo pua yake ni kifaa cha kazi. Harufu ya oili inayoungua gari likiwa limesimama kwenye foleni, pamoja na moshi mwembamba unaopenya ukingoni mwa kiti, ni oili inayodondokea ekzosi. Inatoka juu.

Anza na tapeti kava. Gasketi yake ni ya raba, na joto huigeuza kuwa ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Kama ni hivyo, kukaza bolti hakutasaidia, na kukaza kupita kiasi kutapinda kava lenyewe. Weka gasketi mpya. Kabla ya kuifunga, lilaze kava juu ya kioo au meza iliyonyooka: likicheza, limepinda, na hakuna gasketi itakayoziba.

Mwishoni mwa silinda hedi kuna kizibo cha raba chenye umbo la nusu mwezi. Hiki ndicho husahaulika. Fundi anabadilisha gasketi, kizibo cha zamani kinaachwa kwa sababu "bado kizuri", na oili inaendelea kutoka kwenye pembe zake mbili na kuteremka kuelekea giaboksi. Kitoe, safisha kitako chake, weka kipya na silikoni kidogo kwenye pembe.

Kuhusu silikoni, nina ugomvi nayo. Inatosha utepe wa unene wa milimita mbili au tatu, mahali ambapo gasketi inapinda tu. Lakini utakuta injini imepakwa nusu chupa, ndani na nje. Ile inayojaa ndani hukatika vipande, vipande huenda kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na humo kuna chujio la pampu ya oili. Likizibwa, injini inakosa oili ikiwa na oili ya kutosha. Futa silikoni ya zamani yote, kausha chuma kwa petroli na kitambaa safi, paka, subiri igande kama maelezo ya chupa yanavyotaka. Abiria wangoje.

Ubavu wa injini umelowa

Huku matatizo ni mengi na mengi yake ni ya bei ndogo.

Filta: kama mvujo umeanza mara tu baada ya kubadilisha oili, fungua filta utazame kama raba ya ile ya zamani ilibaki imegandamana na injini. Raba mbili zikikaa pamoja hushikilia kwa muda, halafu presha huzifyatua na oili humwagika kwa wingi. Paka raba mpya oili, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko.

Swichi ya presha ya oili: chomoa waya wake. Ukikuta oili ndani ya kofia ya waya, swichi imekufa. Badilisha, basi.

Pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta ndiyo inayowazungusha watu. Injini hizi za diseli hazina mvuto wa kutosha wa kusaidia breki, ndiyo maana Toyota waliweka pampu ndogo inayozungushwa na altaneta na kulainishwa kwa oili ya injini. Kuna bomba jembamba linaloleta oili na paipu ya raba inayoirudisha. Ile raba ya kurudisha hukauka, hupasuka upande wa chini usioonekana, na oili humwagika ubavuni hadi inapakaa sampu nzima. Watu wamenunua gasketi ya sampu kwa ajili ya paipu hiyo. Ipapase kwa mkono injini ikiwa baridi: kama ni ngumu au ina nyufa, ondoa. Nunua paipu ya oili, si ya maji, kwa sababu ya maji italainika na kuvimba.

Sili ya ndani ya pampu hiyo ikifa, oili huingia ndani ya altaneta. Dalili zake hazifanani na mvujo hata kidogo: taa ya betri inawaka, na pampu ikiwa imechoka pia, kanyagio la breki linakuwa gumu. Mwenye gari huenda kwa fundi wa umeme, kisha kwa fundi wa breki, na oili inaendelea kupungua. Ukiona oili ikitoka kwenye matundu ya altaneta, mtafute mkosaji hapo.

Mbele chini ya puli kumelowa

Hapa usiahirishe. Nyuma ya puli kuna sili ya kranki, na mbele ya sili hiyo, ndani ya kava, inapita taimingi belti. Oili huilainisha raba ya belti, meno yanang'oka, na kwenye injini hizi belti ikikatika valvu hukutana na pistoni. Sili ya pesa kidogo inakuwa kazi ya silinda hedi.

Fungua kava la belti. Kama ndani pamelowa kuanzia juu, ni sili ya kamshafti. Kama pamelowa chini tu, ni ya kranki au pampu ya oili iliyo hapohapo. Kama belti inanuka diseli, sili iliyokufa ni ya shafti ya pampu ya diseli, na hiyo ni kazi ya fundi wa pampu. Belti iliyoonja oili haioshwi ikarudishwa. Inatupwa.

Toyota waliweka muda wa belti hii kuwa kilomita 100,000, na ndiyo kazi ya ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kwenye gari lililokuja kutoka Japani likiwa limetumika, kisha likabadilisha wenyewe hapa nyumbani, usiamini taa isiyowaka. Kuna waliochomoa balbu. Ukifungua mbele kwa ajili ya sili, weka sili zote za mbele, belti na beringi ya kukazia kwa mkupuo mmoja. Kufungua mara ya pili ndiko ghali.

Kabla ya kupachika sili mpya, pitisha ukucha kwenye shafti mahali mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja ikikaa palepale. Ipachike ikiwa imeingia ndani au kubaki nje kwa milimita moja hivi, ili mdomo wake upate chuma kizima. Hakikisha tu imenyooka na haizibi njia ya oili nyuma yake.

Inadondoka kati ya injini na giaboksi

Umeshaosha, juu ni pakavu, kizibo cha nusu mwezi ni kipya, na oili si ya kiberiti. Sasa ndiyo unaweza kuishuku sili ya nyuma ya kranki. Klachi inayoteleza ukipanda mlima na mzigo ni ushahidi wa ziada, ingawa klachi huchoka hata bila oili.

Giaboksi ikishateremshwa, angalia sahani ya klachi, beringi ya klachi na sili ya mbele ya giaboksi. Kama zimebakiza maisha mafupi, badilisha saa hiyohiyo. Sahani iliyolowa oili hairudi kuwa nzuri kwa kuoshwa na petroli, hata kama mwenye gereji atakuapia.

Kila mahali panavuja, na sili mpya hazikai

Hii ndiyo dalili ninayotaka uielewe kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu. Gari limebadilishwa sili ya mbele, miezi michache baadaye ya nyuma, kisha tapeti kava, kisha tena ya mbele. Au linakaa kavu likizunguka Kondele na Mamboleo, mitaa ya Kisumu, lakini likipanda Kericho na abiria wote, likifika Nakuru limelowa chini yote.

Injini kama hiyo inapumua. Ringi za pistoni zimechoka, moto unapenya kando ya pistoni na kuingia kwenye sampu, na presha inatafuta pa kutokea. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na katikati barabara inapanda zaidi ya hapo kabla ya kushuka. Mwendo mrefu wa gia ndogo na mzigo ndio unaoongeza presha hiyo. Mjini huioni.

Pima hivi. Injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kutetemeka kidogo ni kawaida ya diseli. Kikirukaruka na kuanguka, na moshi ukitoka kwa mipumuo, presha imezidi.

Usikate tamaa hapo, kwa sababu kuna sababu rahisi inayofanana kabisa na ringi mbovu: brida iliyoziba. Ni ile paipu inayotoka tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa. Oili iliyocheleweshwa kubadilishwa hugeuka matope na kuiziba. Ichomoe, ipulize kwa mdomo, safisha na kofia yake. Tazama na filta ya hewa, maana ikijaa vumbi injini hufyonza oili kupitia brida hiyohiyo. Kisha rudia kipimo cha kifuniko. Nimeona gari lililohukumiwa ovaholi, yaani injini nzima ifunguliwe na kufanywa upya, likiponywa kwa kipande cha waya kilichozibua brida.

Kama brida ni safi na kifuniko bado kinacheza, pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, kwa geji ya diseli. Injini za aina hii zikiwa nzima hutoa karibu bar 30. Zikishuka chini ya 20, au silinda moja ikipishana na nyingine kwa bar 5, ringi zimekwisha. Ukweli mchungu ni kwamba hakuna sili utakayonunua itakayodumu. Ama ufanye ovaholi, ama ukubali kuongeza oili na kuosha ekzosi mara kwa mara. Mimi ningemshauri mwenye gari aache kununua sili na aweke pesa hizo kwa ajili ya ovaholi.

Kagua pia ulichojaza. Oili nyepesi kama 5W-30 kwenye injini iliyochoka hutoka mahali ambapo 15W-40 ingebaki. Na usijaze kupita alama ya juu. Kranki hupiga oili ikatoa povu, presha hupanda, na diseli inaweza kuanza kula oili yake yenyewe kupitia brida: inanguruma, kasi inapanda, na ufunguo hauizimi. Ikitokea, ingiza gia kubwa ukiwa umekanyaga breki hadi mwisho, kisha achilia klachi ili injini izimike.

Sampu

Bolti ya kumwagia oili ikivuja, badilisha washa yake. Kama nyuzi zimeliwa, tafuta fundi wa kuchonga nyuzi mpya. Uzi wa katani na silikoni havidumu, na vikiachia njiani, oili yote inaishia barabarani.

Oili inapungua lakini chini ni pakavu

Moshi wa bluu asubuhi ni sili za valvu. Moshi wa bluu unaoendelea ukipanda mlima ni ringi, au turbo kwa zenye turbo. Maji ya rejeta yenye utando wa oili ni kipoza oili au gasketi ya hedi. Kwenye KDH, oili ikipanda badala ya kushuka na inanuka diseli, nozeli za kunyunyizia diseli zinavujia ndani. Usiendeshe gari hilo. Diseli hailainishi beringi.

Safari au kusimama?

Tone moja kila sekunde ni kama mililita 180 kwa saa. Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho ni karibu kilomita 180, saa tatu na zaidi, hivyo utafika umepoteza zaidi ya nusu lita. Ukianza na oili kwenye alama ya juu, hilo linavumilika kwa safari moja, ukipima tena Kericho. Lakini taa ya presha ikiwaka, zima palepale, hata kama ni katikati ya mlima na abiria wanalalamika. Oili ikidondokea ekzosi au ikiwa imegusa belti, usianze safari kabisa.

Baada ya matengenezo, tembea kilomita 50 hivi, kisha inua viti na upake poda tena mahali ulipotengeneza. Mstari mweusi ukitokea, utakuwa umeuona kabla ya kulipa fundi salio.